Kwa Nini Namba Tano Haitiki

Benchi la Zinet liliegemea ukuta wa duka la Yimam, fundi cherehani, pale ambapo barabara ya mji wa Dese hujikunja kabla ya kuteremka sokoni. Ilikuwa Jumatatu asubuhi, siku ya pili ya Pagume, kile kimwezi cha kumi na tatu chenye siku tano tu, na mvua ya miezi mitatu ilikuwa bado inachuruzika kwenye mabati kama mgeni asiyejua kuaga. Zinet alikuwa ameshakaanga kahawa na kuitwanga. Ubani ulifuka kwenye kigae, birika la udongo lilikaa juu ya makaa, na sahani ya shayiri ya kukaanga ilipita mkono kwa mkono. Kwingine mjini watu walikuwa wanatafuta kondoo wa sikukuu ya mwaka mpya. Hapa kwenye benchi ulikuwa msiba, maana jana yake Nyota ya Tosa, timu yao, ilikuwa imefungwa mabao manne kwa moja na timu ya daraja la chini, na ligi ilibakiza wiki tatu kuanza.

— Nne! alisema Eshetu kabla hata hajakaa. Mechi ya kirafiki, nne! Urafiki gani huo?

Eshetu alitengeneza redio duka la tatu kutoka hapo, na watu walimwita Redio, lakini si kwa sababu ya kazi yake.

— Msimu uliopita tulifungwa arobaini na moja, alisema Seid, mwalimu wa jiografia aliyestaafu, ambaye jina lake la benchini lilikuwa Profesa. Tukabaki ligi kuu kwa pointi moja. Moja! Hii si safu ya ulinzi, hii ni njia ya kwenda sokoni. Kila mtu anapita na mzigo wake.

— Mimi nasema ni mikono, alisema Asrat. Huyu alikuwa mwamuzi wa mechi za shule kwa miaka ishirini, na walimwita Kadi. Mpira ukipenyezwa tu, mabeki wote wanne mikono juu, wanadai mtu kaotea. Kama watoto wa darasa la kwanza wanaoomba kwenda chooni. Sasa ukiinua mkono unakimbiaje?

— Mikono ni dalili tu, alisema Profesa. Ugonjwa ni mteremko. Kiwanja chetu cha mazoezi kimelala upande mmoja, mguu wa kushoto juu, wa kulia chini. Ukifanya hivyo mwaka mzima, mwili unazoea. Wakipelekwa uwanja ulionyooka, wote wanapinda kulia kama gari bovu.

— Jana tulicheza kiwanja hicho hicho cha mteremko, Profesa.

— Ndiyo maana ikawa nne. Kwenye tambarare ingekuwa saba.

Wakacheka. Yimam naye alicheka kidogo, huku vidole vyake vikivuta uzi kwenye pindo la suruali aliyokuwa ameilaza mapajani. Hapo kwenye benchi yeye aliitwa Fundi, na neno lake lilikuwa na uzito, kwa kuwa alikuwa ameichezea Nyota ya Tosa miaka kumi na moja, beki wa kati, mpaka goti lilipokataa. Siku nyingine wangekuwa wamekwisha kumuuliza. Leo alikuwa ameinamia suruali ile kana kwamba ni ya bwana harusi aliyesimama mlangoni anaingoja.

Zinet alimimina kikombe cha pili kwa kila mmoja, akadumbukiza jani la tenadam, mmea wenye harufu kali, ndani ya kila kikombe.

— Mnamwonea kipa tu, alisema.

— Nani kamtaja kipa?

— Mtamtaja.

— Kweli, alidakia Redio, kipa! Kaoa mwezi uliopita. Krosi inapigwa, yeye anawaza nyumbani wamepika nini. Na jingine hilo, jezi! Jezi ya kijani kwenye majani ya kijani! Wenyewe kwa wenyewe hawaonani! Mimi ningewavalisha nyekundu, tena na kengele shingoni.

— Kengele?

— Kengele, kama ng'ombe. Mtu ajue mwenzake yuko wapi. Maana wale hawasemezani. Mmemtazama yule namba tano mpya?

Sindano ya Yimam ilisimama.

Namba tano alikuwa Biniyam, kijana wa miaka ishirini na moja kutoka Kemise, mrefu, mwenye miguu ya kukimbia na macho ya kuusoma mpira kabla haujafika. Wiki mbili nyuma alikuwa ameingia dukani kwa Yimam kupunguzwa suruali. Yimam alipiga magoti ubavuni kwake wa kushoto, akamuuliza urefu anaoutaka. Kijana hakujibu. Akauliza tena, kwa sauti. Kimya. Alipozunguka mbele na kumtazama usoni, alimwona akishtuka, na papo hapo Yimam akaelewa.

— Tangu nikiwa na miaka saba, Gashe, Biniyam alimwambia, akimpa heshima anayopewa mtu mzima. Homa ilinichukua sikio la kushoto, la kulia liko sawa kabisa. Klabuni hakuna anayejua. Kocha huyu mpya amesema anapunguza majina matatu kabla orodha haijafungwa. Nakuomba, usimwambie mtu.

Yimam aliahidi. Na tangu siku hiyo, kila asubuhi, kutoka dirisha la nyuma la duka lake linalotazama kiwanja cha mazoezi, alikuwa akiona jambo ambalo mtu asiyejua asingeliona. Biniyam alipangwa beki wa kati upande wa kulia. Mwenzake, nahodha, alikuwa kushoto kwake, upande wa sikio lililokufa. Nahodha akiita, "Toka!" au "Mwache!", kijana hasikii. Mabao yote manne ya jana yalipita katikati ya hao wawili.

Angeweza kuyasema haya. Lakini Yimam alijua maneno ya benchi hili yanakofika. Zamani, alipokuwa bado mchezaji, aliwahi kukaa hapa hapa akatania kwamba kipa wao ana mikono inayotetemeka kama ya mlevi. Utani tu. Jumapili iliyofuata uwanja mzima uliuimba utani ule. Baada ya mwezi kipa akapanda basi na mkewe na watoto, wala hakurudi tena Dese. Yimam hakuwa amemwomba radhi mpaka leo, na hakujua angempata wapi.

Mtu mwenye koti la mvua alikuja akijikinga kwa mwavuli, akaukunja, akaamkia.

— Kuna nafasi?

— Sogeeni, mgeni akae, alisema Zinet, ambaye hakuwahi kumuuliza mtu jina kabla hajampa kahawa.

Wakasogea. Mgeni akakaa mwisho wa benchi. Alipovua kofia ya koti, Yimam alimtambua. Alikuwa Kocha Tekeste. Wenzake hawakumtambua. Alikuwa na wiki tatu tu mjini, na siku zote walimwona kwa mbali, amejifunika kofia ya koti. Yimam alikuwa anamwona kila siku kutoka dirishani.

Alimkanyaga Redio mguu. Redio akasogeza mguu, akaendelea.

— Nilikuwa nasema namba tano. Yule kijana ana dharau. Jana bao la pili, nahodha kamwita mara tatu. Mara tatu, mimi niko jukwaani nasikia! Yeye hata kichwa hakugeuza.

— Labda ana majivuno ya ugeni, alisema Kadi.

— Au kalipwa na wapinzani.

— Kwenye mechi ya kirafiki, Redio?

— Ndiyo hapo wanapoanzia! Au basi, Redio aligonga goti lake, akiangua kicheko, au basi ni kiziwi! Tumesajili kiziwi, jamani!

Wakacheka wote, hata Zinet. Mgeni alikuwa anapuliza kahawa yake. Hakucheka.

 Yimam akaweka suruali pembeni.

— Acheni upuuzi, alisema. Ni bega.

Wote wakamgeukia. Fundi kasema.

— Bega?

— Nimempima kwa mikono yangu. Bega lake la kushoto limeshuka kuliko la kulia, upana wa vidole viwili. Mtu wa namna hiyo ukimpanga kulia, umemharibu. Anageuka vibaya, anachelewa. Mhamishe kushoto, nahodha akae kulia kwake. Wabadilishane tu. Basi. Hatutafungwa.

Ilikuwa nadharia ya ajabu kuliko ya kengele, na Yimam alijua. Lakini aliyeisema alikuwa Fundi.

— Bega! alisema Profesa polepole, akiitafuna. Inaingia akilini. Bega lililoshuka kwenye kiwanja cha mteremko... yanajumlishana.

— Mimi nimeona watu wa hivyo, alisema Kadi. Wakirusha mpira wanarusha vibaya.

— Si ndiyo ninayosema siku zote? alisema Redio. Wabadilishwe! Nimesema tangu mwaka jana!

— Mwaka jana hakuwepo, Redio.

— Nilisema kwa ujumla.

Mgeni akashusha kikombe.

— Samahani, alisema. Sauti yake ilikuwa ya upole, kama ya mtu anayeuliza njia. Mimi nataka kuelewa jambo moja. Bega limeshuka, sawa. Lakini kwa nini haitiki akiitwa?

Redio alifungua mdomo. Akaufunga. Profesa alitazama mabati, kama vile jibu limeandikwa huko. Kadi akajikuna shingo. 

Yimam alikuwa na jibu. Lilikuwa limemjaa kinywani. Akanywa kahawa, akalimeza pamoja nayo.

Zinet aliinua birika, akalitikisa. Mzunguko wa tatu wa kahawa, unaoitwa wa baraka, ulitoa matone mawili tu.

— Baraka imekwisha, alisema. Nendeni kazini.

Wakainuka wakinung'unika. Mgeni akamshukuru Zinet, akafungua mwavuli, kisha akasimama kidogo mbele ya Yimam.

— Bega la kushoto, umesema?

— La kushoto, Kocha.

Tekeste alimtazama kitambo, akatikisa kichwa kuitikia, akaenda zake. Nyuma yao Redio alikuwa ameganda katikati ya barabara.

— Kamwita nani? Kocha? Fundi, umemwita kocha?

Mchana ule Yimam alifunga duka mapema, akaenda hadi chumba alichopanga Biniyam nyuma ya kituo cha mabasi. Alimkuta anafua jezi. Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, upande wa kulia wa kijana.

— Sijasema, alimwambia. Lakini kocha ameanza kujiuliza, na yule si mjinga. Mwambie wewe mwenyewe kabla hajaambiwa na mwingine.

— Atanifuta, Gashe.

— Anaweza.

— Sasa?

— Nilicheza miaka kumi na moja. Miwili ya mwisho nilificha goti. Nilikuwa nafunga bandeji ndani ya soksi, nacheka na wenzangu, narudi nyumbani nalia. Kila mchezo nilikuwa nacheza na watu wawili, mshambuliaji na siri yangu. Mshambuliaji nilimweza. Mwambie hivi: nipange kushoto, sikio zima liwe upande wa nahodha na kipa. Usimwombe huruma. Mwombe nafasi ya kusimama.

 Biniyam aliendelea kusugua jezi ile mahali pale pale, ingawa ilikuwa imeshatakata.

Jumanne asubuhi Yimam alisimama dirishani, cherehani imezimwa. Wachezaji walikuwa wanaingia kiwanjani wakirukaruka kwa baridi. Biniyam alitoka mstarini. Alitembea mpaka kwa kocha, mikono nyuma, akasema. Alisema kwa muda mrefu. Kutoka pale Yimam hakusikia neno, alichoona ni kidole cha kijana kikigusa sikio mara moja, kisha mkono ukishuka haraka.

Kocha alikuwa amesimama kushoto kwake. Hakujibu pale pale. Alimzunguka taratibu kwa nyuma, hatua nne au tano juu ya nyasi zilizolowa, akafika upande wa kulia. Hapo ndipo alipofungua mdomo.

Yimam akarudi kwenye cherehani, akaiwasha.

Alhamisi, siku ya mwisho ya mwaka, orodha ilibandikwa kwenye lango la klabu, na jina la Biniyam lilikuwamo. Jumapili, mji ukiwa bado unanukia supu ya sikukuu, Nyota ya Tosa walicheza mechi nyingine ya kirafiki. Namba tano alisimama kushoto, nahodha kulia kwake anapiga kelele kama dalali. Sifuri kwa sifuri. Watu walishangilia kama wametwaa kombe.

Jumatatu benchi lilijaa kabla ya kahawa kuiva.

— Nani alisema wabadilishwe? Redio alikuwa anauliza wapita njia. Nani? Mimi! Kocha alikaa pale, pale mwisho, nikamweleza. Jambo lenyewe ni la kitaalamu. Bega likishuka, damu inakimbilia upande mmoja, mtu anakuwa mzito kuitika. Ukimhamisha, damu inarudi. Au siyo, Fundi?

Profesa na Kadi walimgeukia Yimam. Zinet naye alimtazama, birika mkononi, kwa jicho la mtu mwenye swali asilotaka kuliuliza.

— Ndiyo hivyo hivyo, Redio, alisema Yimam, akainyoosha suruali mapajani. Ulisema wewe.