Munira Alipoomba Kashata

Kijiwe chetu cha Ipagala ni ubao uliolazwa juu ya matofali, kando ya jiko la Hasani, muuza kahawa. Ilikuwa miaka ile maduka yalipoanza kujaa sukari ya kila nchi. Siku hiyo Hasani alikuwa na wateja wawili: Cornel wa mitumba, tunayemwita Soko Huria, na Octavian, tarishi wa Bunge, tunayemwita Mheshimiwa. Walikuwa wakimzungumzia Munira, binti wa Mishi, anayesoma shule ya msingi. Jana yake, akitoka shule, alisimama hapo akitetemeka na kuomba kashata. Walimnyima kwa sababu ana kisukari. Hakufika mbali, akaanguka. Wakambeba hadi kwao.

— Mtoto kuwa na sukari sijaelewa bado, alisema Mheshimiwa. Huo ugonjwa wa wakubwa. Kule ofisini nautambua kwa vitambi.

— Kitambi cha Munira kiko wapi? alijibu Soko Huria. Upepo ukivuma yule anashika mti. Ni hii sukari ya nje, inakaa melini mpaka inaharibika.

— Basi ungeumwa wewe. Unatia vijiko vinne.

— Mimi nimezaliwa kijijini Mlali bwana. Sukari ikiingia humu inashangaa, inatoka.

— Basi ni hizo sindano anazochomwa kila siku, alisema Mheshimiwa. Huenda wanatia sukari humohumo kwenye dawa, mgonjwa asiache kununua.

— Mimi nashukuru nilimnyima, alisema Hasani. Ningempa, leo tungekuwa msibani.

Mishi alifika akiwa amemshika Munira mkono.

— Shikamoo, mzee Hasani.

— Marahaba. Mtoto anaendeleaje?

— Hajambo. Jana nilimpa maji ya sukari, akapata nguvu.

Mheshimiwa aliweka kikombe chini.

— Ya sukari?

— Ndiyo. Sindano inashusha sukari. Akila kidogo au akicheza sana, inashuka kupita kiasi. Anatoka jasho, anatetemeka. Hapo apewe kitu kitamu haraka.

— Lakini shemeji, si ana sukari? aliuliza Soko Huria.

— Ana ugonjwa wa sukari. Jana sukari yenyewe ilikuwa imemwishia.

Hasani aliziangalia kashata zake.

— Baba yake anataka tumwachishe shule, akae karibu yangu, aliendelea Mishi. Nikasema nije niwaulize kwanza. Kesho akisimama hapa anatetemeka, mtafanyaje?

Soko Huria alimtazama Mheshimiwa. Mheshimiwa alimtazama Hasani. Hasani alimtazama mtoto.

— Nilikunyima kwa kukupenda, mjukuu wangu.

— Najua, babu, alisema Munira. Ndiyo maana sikuiba.

Mama yake alicheka kwanza. Kisha akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

Mheshimiwa alisogea, akaacha nafasi kwenye ubao.

— Kaa, mama Munira. Tuelekeze polepole, vichwa vyetu vigumu. Akianza kutetemeka, tunaanza na nini?