Chai Niliyoikataa kwa Mama Mkwe

Wamama, Mungu ni mwema hata kwa mtu amesimama hapa na hasira. Leo sitalia. Nimekuja kusema.

Niliolewa hapa Kitengela miaka michache iliyopita, nikitoka Ukambani. Siku zangu za mwezi zikaanza kukosa. Mwili ukanenepa, ndevu zikanitoka kidevuni, na mtoto hakuna. Wamama wa boma wakaamua nilishwe. Kila asubuhi mama mkwe, Mmaasai wa hapa ninayemwita Yeyo, yaani mama, ananiletea chai ya maziwa tupu, sukari imejaa, na chapati. "Kunywa, mtoto wangu. Tumbo baridi halishiki mimba."

Kukataa chai kwa boma, ungethubutu? Nilikunywa. Nikazidi kufura, na walewale wa kunilisha wakaanza kuniita pipa! Kanisani nikawekewa mikono nitolewe pepo la ndevu. Pepo! Daktari wa kwanza hata hakuniangalia: "Punguza mwili, mama. Mwingine aingie!" Kisha nikasikia bwana yangu anatafutiwa mke wa pili, msichana wa Kiserian. Ndugu zangu, nawaambia, nilichemka.

Nikaenda hospitali ya Kajiado. Huko daktari mwanamke akaniuliza siku zangu, akaniuliza nakula nini. Nikamwambia.

"Mama, hii si laana," akasema. "Homoni zimevurugika, mayai hayakomai vizuri. Sukari nayo inazidisha." Akanipangia: mboga na maharagwe kwa wingi, ugali kidogo, chai bila sukari, na kutembea kila siku.

Kesho yake nikasukuma kikombe. "Yeyo, hii sinywi. Inanimaliza."

"Umekataa chai yangu?"

"Nimekataa sukari, Yeyo. Wewe sijakukataa."

Nilijua naweza kurudishwa kwetu siku hiyo. Ndipo bwana yangu akafungua mdomo, mara ya kwanza tangu haya yaanze: "Mama, mpe bila sukari. Na huyo msichana mwambieni akae kwao."

Nikatembea hadi kwa machimbo ya mawe na kurudi, watu wakicheka. Ilichukua muda, lakini siku zangu zikarudi. Niliziona nikapiga nduru chooni!

Namshukuru yule daktari, namshukuru bwana yangu. Namshukuru Yeyo, maana siku hizi mtu akinitilia sukari, ni yeye anamfokea. Na nyinyi, mkiona msichana anateseka hivi, mpelekeni kliniki kabla hamjamtafutia pepo.

Mtoto bado. Akija, karibu. Asipokuja, mimi bado ni mke wa ile nyumba, na anayetafuta mwingine apitie kwangu kwanza.