Nyati Aliyetubadilishia Biashara

Mwisho wa mwezi huu kiongozi wetu mkuu wa misafara anastaafu, baada ya miaka ishirini na tisa ya kutembeza watu porini. Sisi wafanyakazi tunamwita Subiri, kwa sababu ndilo neno lake kabla ya kuvuka kijito, kabla ya kupita kichaka, na hata kabla ya kunywa chai ya moto.

Uwindaji ulimwingia damuni tangu ujana, alipofuatana na mjomba wake kuwinda kanga. Baadaye akapata leseni, na marafiki wakaanza kumwomba awachukue. Mkewe, fundi cherehani, akashona mahema mawili sebuleni kwao. Kampuni yetu ilizaliwa hapo, katikati ya vipande vya turubai.

Mimi nilikuwa dereva wake siku ile ambayo wengi hapa mmeisikia nusunusu. Mgeni mmoja, daktari wa meno, alimpiga nyati risasi ya bega, na nyati akatokomea kichakani. Mnyama aliyejeruhiwa haachwi, na njia ya pale hupitiwa na akina mama waokotao kuni. Subiri akawaacha wageni garini, akanitazama. Alihitaji mtu wa kumwangalizia nyuma.

Tukaingia. Damu ilikuwa mbichi kwenye majani, kisha ikakatika. Ndege wakanyamaza. Meno yangu yaligongana hadi nikayasikia. Subiri naye akayasikia, akanisogelea.

“Naogopa kama wewe,” alininong’oneza. “Usikimbie tu.”

Nyati alikuwa ametuzunguka. Alitokea nyuma, upande wangu. Niliona pembe, nikapiga ukelele, nikajikunyata chini. Bunduki ikalia. Nilipofumbua macho, pua ya mnyama ilikuwa imelalia kiatu changu, ingali na joto.

Subiri aliketi palepale, akashindwa kufungua hata chupa ya maji. Kesho yake aliingia ofisini, akafungia bunduki kabatini, akasema, “Kuanzia leo tunauza matembezi.” Tulijua tutalala njaa. Leo tuna kambi tatu, duka la mahema na viatu, na waongozaji aliowafundisha mwenyewe kusoma nyayo. Hajapoteza mgeni hata mmoja.

Nafasi yake inachukuliwa na binti yake. Jumamosi iliyopita binti aliongoza msafara peke yake kwa mara ya kwanza. Wingu likatanda, simu ikakosa mtandao, saa ya kurudi ikapita. Baba alisimama langoni, akishtuka kila gari lilipokaribia. Mkewe akamletea kiti, akakiweka kando ya chake.

“Kaa, mzee wangu,” alimwambia. “Mimi nimekungoja hapa miaka yote hiyo, na sijazoea.”

Akakaa. Walishikana mikono mpaka taa za gari zikaonekana, na binti na wageni wake wakashuka wazima, wamelowa chapachapa.

Subiri, asante kwa kuturudisha majumbani kwetu kila mara. Wenzako tunakuombea afya, siku tulivu, na usingizi usiosikiliza magari. Na mama naye, hivyohivyo.