Maneno ya Penseli kwenye Noti ya Mia Tano

Vuteni viti, wanangu, mkae pale ninapowaona bila kugeuza shingo. Taisia, hiyo dawa iache mezani, nitakunywa baadaye. Na wewe Rodion zima redio, maana leo nina pumzi na sijui kesho itakuwaje. Mimi Savvati mwana wa Kuzma, niliyepanga herufi kwenye kiwanda cha uchapaji hapa Vologda kwa miaka thelathini na minane, nayasema haya nikiwa na akili zangu timamu, tena moyo wangu ni mwepesi, kwa hiyo msinikalie na nyuso za matanga kabla ya wakati.

Mmekua mkiniona nimeinama juu ya zile albamu, na mama yenu Yevlampia, Mungu amrehemu, alizoea kusema kwamba nimeoa wake wawili, yeye na karatasi. Nilirudi kutoka vitani nikiwa na hamu ya kuona kitu kilichofanywa kwa uangalifu na mikono ya watu, na noti za zama za mfalme wa mwisho zilikuwa hivyo, zenye mistari myembamba kuliko unywele na sura iliyojificha ndani ya karatasi mpaka uiinue kwenye mwanga. Dukani hazikununua hata kiberiti. Watu walizibandika ndani ya vifuniko vya masanduku, wakawapa watoto wazichezee, nami nikazikusanya moja moja kwa kubadilishana na sabuni na tumbaku.

Sasa ile ya rubli mia tano, yenye picha ya mfalme Petro katika mavazi ya chuma, ambayo kila mgeni wa chama chetu cha wakusanyaji aliomba kuiona kwanza: mliponiuliza nimeitoa wapi, niliwaambia sokoni. Niliwadanganya. Niliiiba kwa maiti.

Chumba cha pili kutoka changu, kabla sijamuoa mama yenu, aliishi Apollinaria Genrikhovna, mwalimu wa piano asiyekuwa na piano. Mdogo wake Lidia na shemeji yake waligongewa mlango usiku na polisi wa serikali wakakamatwa, mwaka wa thelathini na nane, mtoto wao Nonna wa miaka minne akapelekwa kwenye nyumba ya yatima Yaroslavl, na Apollinaria alimtafuta kwa barua miaka minane mpaka akampata. Alikuwa akingoja barafu iyeyuke aende kumchukua, lakini mapafu hayakumngojea. Februari ya arobaini na saba aliniita, akanikabidhi kisanduku, akasema, "Savvati, mpelekee Nonna. Usikose." Nikamwapia.

Alipozikwa nikakifungua. Mlikuwa na shali, picha moja, vijiko viwili vya fedha, na katikati ya kitabu cha noti za muziki ile mia tano, safi, ila kwenye sehemu yake nyeupe palikuwa na maneno ya penseli. Enzi hizo watu waliandika popote palipokuwa na nafasi. Nikayasoma. Kisha nikachukua tonge la mkate, nikayasugua taratibu mpaka yakafutika, kwa sababu mkusanyaji hataki noti iliyoandikwa. Vijiko sikuvigusa, shali sikuigusa, na kwa hilo nikajiona mwaminifu. Nikapanda treni nikampelekea msichana kisanduku chake, naye wa miaka kumi na tatu, nywele zimenyolewa, akanibusu mkono akisema, "Ahsante, mjomba."

Mjomba! Tangu siku hiyo kila Januari mosi alinitumia kadi, alipokuwa shuleni, alipokuwa dereva wa tramu, alipokuwa bibi mwenye wajukuu, na kila kadi ilikuwa na utani uleule: "Leo natimiza miaka tena, mjomba, kwa amri ya ofisi." Maana pale kwenye nyumba ya yatima hawakuijua siku yake, wakamwandikia Januari mosi kama walivyowaandikia wengine ishirini. Na mimi niliijua. Ndiyo iliyokuwa imeandikwa kwenye noti. Ningewezaje kumwambia siku bila kumwambia niliisoma wapi? Nikanyamaza miaka hamsini na saba.

Na katika kunyamaza huko nikamdhulumu mtu mwingine. Mnamkumbuka Foma Zubarev aliyekuwa akiwaletea njugu? Mwaka wa sabini na nane aliiinua ile noti kwenye taa mbele ya chama kizima, akasema, "Savvati, ndugu yangu, hii imesuguliwa. Palikuwa na maandishi hapa." Nikamwita mwenye kijicho, nikamwambia asikanyage tena mlangoni kwangu, na mpaka leo tukikutana tunaangaliana kama nguzo mbili za umeme. Alikuwa anasema kweli tupu.

Mwezi wa pili daktari aliponiambia yale aliyoniambia, nilimwandikia Nonna kila kitu. Akaja kwa treni ya asubuhi, mama wa karibu miaka sabini, akaketi hapo ulipo wewe, Taisia, hata koti hakuvua. Nikamsomea kwa kichwa, maana mpanga herufi hasahau mstari: "Machi kumi na tisa, 1934, alfajiri, Lidia amejifungua Nonna. Nje theluji. Mtoto ana nywele nyekundu na sauti kama ya jogoo."

Akasema, "Nyekundu?" Mimi, "Nyekundu." Akasema, "Nilipoanza kukumbuka mambo nilikuwa nimenyolewa, na zilipoota zilikuwa za kahawia." Ndipo akanigeukia: "Wewe mzee wewe! Miaka yote hiyo umekaa na siku yangu ya kuzaliwa ndani ya albamu! Ningekuwa na nguvu ningekupiga na hili buli la chai." Akalia, akacheka, akalia tena. Nikampa noti. Akaniomba penseli, akaniamuru niyarudie maneno polepole, akayaandika upya palepale. Foma angesema nimeiua noti. Mimi sijawahi kuiona nzuri vile. Na Machi kumi na tisa alinipigia simu, nikasikia nyumba nzima ikimwimbia, akasema, "Savvati, nimekusamehe, lakini usizoee."

Basi shikeni haya. Albamu ni zenu wote wawili. Uzeni au mzitunze, lakini msigombane kwa ajili ya karatasi. Nyumba ya shambani ni ya Taisia, maana ndiye anayelima. Hii ya mjini ni ya Rodion. Zile noti za ishirini na tano, albamu ya kijani, zipelekwe kwa Foma... wewe Rodion, kwa mkono wako... mwambie, Savvati anasema ulisema kweli. Hivyo tu. Akitaka kuja... aje upesi.

Nizikeni kando ya mama yenu. Tarumbeta sitaki.

Sogeeni... vichwa vyenu, niwaguse. Mungu awape... kazi ya mikono na usingizi mzuri. Mtu akigonga mlangoni kwenu, yeyote yule... muinuke mkafungue... bila kuogopa ni nani.

Sasa niacheni nilale. Nimechoka vizuri.