Mjane wa Rafu ya Hadithi za Kweli

Mkutubi alikaa ndani ya basi, kiti cha nyuma ya abiria wawili, fundi cherehani na muuguzi, kitambulisho cha maktaba kikining'inia kifuani, masikio ameyatega bila haya.

"Kitabu kitamu, acha tu," fundi alimwambia muuguzi aliyeketi naye, ambaye hata hakumjua. "Kuna mjane anaendesha duka la mikate peke yake. Nikimaliza kusoma, namtafuta nimpose."

"Kaka yangu, ile si riwaya? Utamposa nani?"

"Nilikitoa rafu ya hadithi za kweli. Mkutubi mwenyewe aliniapia."

Mkutubi akageukia dirisha. Riwaya za maktaba yake zilikuwa zinajaa vumbi, ila akizihamishia rafu ile, watu wanazigombania.

"Umefika wapi?" muuguzi aliuliza.

"Ameshikwa na homa kidogo."

Muuguzi akamgusa bega, kama anavyowagusa ndugu wa wagonjwa. "Pole sana, kaka."

Fundi akakifunga kitabu. "Basi ni riwaya. Mwandishi katunga tu, muongo mkubwa."

"Katunga nini? Mimi nilimlilia mpaka macho yakavimba. Nitamliliaje mtu ambaye hakuwepo?"

"Hajafa, dada, maana hajazaliwa."

"Amekufa, na wamemzika vizuri."

Basi likasimama mbele ya maktaba. "Twende tukamuulize mkutubi," fundi alisema, na wote wawili wakainuka.

Mkutubi akakitumbukiza kitambulisho ndani ya shati, akamwambia kondakta kwamba yeye anashukia mwisho wa njia.