Fremu Nyeusi

Nyuma yangu ndani ya basi, mzee mmoja alipakata shada la maua na gazeti la asubuhi. "Nakwenda kumzika shemeji yangu," alimwambia nesi aliyekaa naye. "Nimemwona humu, ukurasa wa mwisho, kwenye tanzia."

Nesi akalitazama. "Pole, baba. Lakini gazeti wamelibadilisha sura. Tanzia siku hizi ziko katikati. Hawa ni waandishi wa makala."

"Ni mwandishi, ndiyo. Mbona wamemtia fremu nyeusi?"

"Ndiyo mtindo mpya. Wote wanazo."

"Kwa hiyo wamekufa wote?"

Nilijikohoza nisicheke. Nesi akapekua kurasa. "Katikati hayumo."

"Atakuwaje huko na wamemweka hapa?"

"Baba, ameandika habari za maji ya bomba. Maiti haandiki."

"Aliandika jana, mwanangu. Kifo hakibishi hodi."

"Umewapigia simu?"

"Hapokei yeye, hapokei dada yangu."

Basi likasimama. Mzee akainuka, akakaa, akainuka tena. "Sasa akifungua mlango mwenyewe, haya maua niseme ya nini?"

"Mwambie hongera kwa gazeti jipya."

"Na akifungua dada yangu, analia?"

Nesi akalikunja gazeti, akamrudishia.