Chupa Iliyofunga Maji ya Mji

Mheshimiwa Meya, mgeni wetu rasmi, Ndugu Mwenyekiti wa Bodi pamoja na wajumbe wako, Ndugu Mkurugenzi, wakuu wa idara, wafanyakazi wenzangu wa mitamboni, maabara, stoo na ofisini, ndugu, jamaa na majirani mliotusindikizia mzee wetu, Mama, mke wa mstaafu, uliyekaa hapo mbele umependeza, na wewe mwenyewe, Mzee, ambaye humu ndani sote tunakuita Mzee Pua na leo hatutajifanya tuna jina jingine: nawasalimu nyote, mlioketi mbele kwa vyeo vyenu na mlioketi nyuma karibu na mlango wa jikoni kwa sababu mnazozijua wenyewe.

Mkurugenzi ameniomba niseme machache, na alipokuwa akiniomba alikuwa anatazama saa. Nimemwelewa. Lakini kabla sijamsifu mtu yeyote, nina maelezo ya kutoa kwa Mheshimiwa Meya.

Mheshimiwa, jana asubuhi maji yalikatika mji mzima. Simu za kutulalamikia ziliita mpaka dada yetu wa mapokezi akaifunika simu kwa mto wa kiti. Nimeambiwa kwamba hata wewe ulibaki bafuni na povu kichwani. Mitaani wamesema bomba kubwa limepasuka, wengine wamesema tumeingiliwa na wahalifu, na kuna mmoja aliyeapa kwamba ameona nyoka kwenye tangi. Hakuna hata moja lililo kweli. Maji ya mji huu yalifungwa jana kwa sababu ya zawadi ya kumuaga Mzee huyu, na nina hakika nikimaliza kusimulia utatusamehe.

Kwa wageni wasioijua kazi yetu, pale maabara tuna chumba kidogo kinachoitwa chumba cha kunusa. Kila asubuhi maji yanayokwenda majumbani kwenu huwekwa kwenye chupa ya kioo, yakapashwa moto kidogo ili yatoe siri zake, kisha mtu akainua kifuniko na kuinamisha pua. Mashine tunazo, tena za kisasa. Lakini mashine hujibu ulichoiuliza tu, na pua hujibu hata ambacho hukufikiria kuuliza. Ukutani pale pamebandikwa agizo la Mzee, kwa mwandiko wake mwenyewe: pua ikilalamika, funga kwanza, maswali baadaye.

Nani asiyekumbuka siku ile mashine zote zilipokuwa zinasema mambo shwari, na huyu Mzee akainua kifuniko, akakunja uso, akaenda kufunga maji bila kumwomba mtu ruhusa? Wakubwa walimjia juu. Kabla ya mchana ikajulikana kwamba gari la mafuta limepinduka huko juu ya mto. Wangapi kati yetu tungekunywa dizeli siku ile?

Na chumba kile kina masharti yake. Huingii umekula kitunguu, huingii umejipaka losheni, huingii na shati lililofuliwa kwa sabuni yenye marashi. Siku yangu ya kwanza kazini nilifika na cheti changu kutoka chuoni, nywele zimetengenezwa, nimejipaka mafuta ya waridi. Mzee alinisimamisha mlangoni akaniambia kwa upole kabisa, "Binti, rudi nje upigwe na upepo kwanza." Nikapigwa na upepo mpaka wenzangu wakaenda kunywa chai wakarudi, na yeye bado anatikisa kichwa dirishani.

Sasa fikirini mtu wa namna hiyo anapougua mafua makali, anapona, anarudi kazini, anainua kifuniko kama kawaida yake, na hasikii kitu. Nilikuwepo. Alinusa, akanusa tena, akaweka chupa chini polepole. Kisha akavua koti lake jeupe, akanikabidhi, akaniambia, "Kuanzia leo utanusa wewe. Mimi pua imekufa." Hakuficha, hata kwa dakika moja. Daktari akamwambia huenda harufu ikarudi, huenda isirudi, na kwamba hakuna dawa zaidi ya kusubiri.

Tangu siku hiyo Mzee alikuja kazini kila siku, akatufundisha, akaosha hata vyombo, lakini kwenye chumba cha kunusa hakutia mguu. Sisi watu wa maji, kitu kisicho na harufu ni habari njema. Kwake kila kitu kikawa hakina harufu: chai haina, mvua haina, mjukuu wake aliyetoka kuoga hana. Na siku ya kustaafu ilikuwa inakuja mbio. Niseme ukweli wangu, iliniuma sana. Mtu aliyeishi kwa pua yake anaondoka bila pua, na sisi tumpe nini? Saa ya ukutani?

Basi ikaundwa kamati ya zawadi, yaani mimi na fundi wetu wa pampu, huyu tunayemwita Presha. Presha hakungoja hata kikao kifunguliwe. Akasema zawadi ni wiski ya kimea, chupa nzuri, mjadala umekwisha, kwa sababu kila mtu anajua Mzee hunywa kidogo Jumamosi jioni, glasi moja tu, na huinusa kwa muda mrefu kuliko anavyoinywa. Mimi, ambaye pombe siijui kabisa, nikamuuliza kama amerogwa. Kumpa wiski mtu asiyesikia harufu si sawa na kumpa mwenye kipara kitana, tena mbele ya Meya? Tulibishana mpaka nikaamua kwenda kumwuliza mwenye mume.

Mama alinipokea jikoni kwake, akaniambia mambo mawili. La kwanza, kwamba chupa ya mumewe iko kabatini haijaguswa tangu augue, kwa sababu anasema wiski bila harufu ni kumeza moto. La pili hakulisema, alilionyesha. Aliingia chumbani akatoka na kichupa cha manukato, bado kimefungwa vile kilivyotoka dukani. Akaniambia, "Mwanangu, tangu anioe sijajipaka. Chumba chenu kile ndicho kilichonikataza. Nilijiwekea hiki, nikasema siku atakayostaafu nitajipaka. Sasa nijipake kwa ajili ya nani?"

Mheshimiwa, pima mwenyewe. Mimi nilipigwa na upepo asubuhi moja nikalalamika mwaka mzima. Huyu amekaa ndoa nzima bila tone la manukato ili ninyi na mimi tunywe maji salama, na hakuna aliyewahi kumshukuru. Nilipokuwa naaga akanishika mkono akasema, "Nunueni hiyo wiski. Lakini msinunue ya adabu. Nunueni inayopiga mlango teke."

Tukaenda dukani, mimi na Presha, na ujuzi wetu wote. Muuzaji, bwana mmoja mpole mwenye tai ya madoadoa, akatupangia glasi ndogo ndogo tunuse. Ya kwanza nikasema ina harufu ya vanila, weka pembeni. Ya pili Presha akasema ina matunda yaliyoiva sana, weka pembeni. Nyingine asali, nyingine mbao, nyingine karanga, zote tukazifelisha. Mwishoni tukapata moja ambayo karibu haina harufu kabisa, tukatazamana kwa fahari, nikamwambia muuzaji hii ndiyo bora. Yule bwana akauliza, "Samahani, dada, mnanunua wiski au maji?"

Mnacheka. Hata mimi nilicheka, ila kwanza niliona aibu. Tulikuwa tumepima wiski kama tunavyopima maji, kila harufu tunaihesabu kuwa kosa! Ndipo nikamweleza ukweli, kwamba tunamtafutia mtu ambaye pua imemkimbia. Akaziondoa zile glasi. Akatuambia tusidanganywe na kasha la kung'aa, hilo ni la macho, wala tusidhani iliyokaa miaka mingi zaidi ndiyo bora kwa kila mtu, kwani zawadi nzuri huchaguliwa kwa kumjua anayepewa. Akapanda ngazi, akashusha chupa nyeusi isiyo na maringo. Akasema kuna mahali kimea cha shayiri hukaushwa kwa moshi wa udongo mweusi wa kinamasi, unaochomwa kama kuni, na moshi ule haukitoki tena hata kikikaa kwenye pipa la mbao miaka nenda miaka rudi. Akafungua ya kuonjesha. Moshi, lami, dawa ya kidonda! Presha alirudi nyuma hatua, na mkono wake ukaanza kutafuta valvu ya kufunga. Nikasema, hii hii.

Sasa tufike jana. Maabara yetu ina utaratibu kwamba hakuna chupa inayotoka pale bila kunuswa, iwe ya nani, iwe ya nini. Presha akasema Mzee mwenyewe asingekubali kukabidhi chupa ambayo haijapimwa, na tutakuwa tumefundishwa nini naye? Tukaingia kwenye chumba cha kuoshea vyombo, kilicho ubavuni mwa chumba cha kunusa, tukafungua, tukamimina kidogo sana kwenye bilauri. Na kwa sababu mikono yetu imezoea hivyo, hata hatukufikiri, tukaiweka bilauri ile kwenye beseni la maji ya moto. Tukaipasha, ndugu zangu. Wiski ya moshi, tukaipasha moto kama maji ya bombani.

Wakati ule Mzee alikuwa koridoni amebeba boksi lake la vitu, kikombe na ndara zake, anaondoka. Tukasikia hatua zinasimama. Kisha tukasikia boksi linaanguka, na miguu inakimbia, miguu ya mtu ambaye hatujamwona akikimbia tangu tumjue. Akapita mlangoni petu kama asiyetuona, akaingia chumba cha mitambo akasema, "Funga! Kuna moshi na lami kwenye maji!" Na kijana wa zamu, Mungu ambariki, hakuuliza swali hata moja. Alifunga. Pampu zote zikanyamaza, na ukimya ule, Mheshimiwa, ndio uliokukuta bafuni.

Mzee akarudi anahema. Akanikuta nimeshika bilauri inayotoa mvuke, na Presha ameficha chupa mgongoni kama mtoto aliyekutwa na sukari. Hakugomba. Alinitazama tu, akauliza, "Binti, umesikia harufu?"

Nikasema, "Nimesikia, Mzee."

"Na mimi nimesikia," akasema.

Akaketi kwenye stuli, akalia. Sioni haya kusema kwamba tulilia wote watatu, na Presha ndiye aliyelia kwa sauti. Akaichukua ile bilauri, akafumba macho. "Moshi," akasema. "Lami. Na kule nyuma kuna tufaha, mmelisikia?" Sisi tufaha hatukulisikia wala hatulisikii mpaka leo. Kisha akaomba maji ya asubuhi ile, yale tuliyoyaweka akiba. Akasimama, akaingia chumba cha kunusa kwa miguu yake mwenyewe, akainua kifuniko, akainama kwa muda mrefu. Alipoinuka akasema, "Safi." Miezi yote ile hakuweza kulisema neno hilo, kwa sababu kwa pua iliyokufa maji safi na maji machafu ni mamoja. Jana alilisema akijua.

Maji yalichelewa kurudi kwa sababu yeye mwenyewe alisisitiza tukague kila tangi kwanza, hata baada ya kuiona chupa kwa macho yake. Agizo ni agizo. Basi kama mnatafuta wa kumlaumu kwa povu la jana, mlaumuni aliyetufundisha kazi, na mkimaliza mumpigie makofi.

Mzee wangu, mzigo niliokuwa nao kifuani miezi yote hii umeshuka, na nimelala usingizi ambao nilikuwa nimeusahau. Nilikuwa naogopa leo ningesimama hapa kukuaga kama watu wanavyoaga msibani. Badala yake nakukabidhi chupa iliyokwisha kufunguliwa, iliyopungua kidogo, na iliyopimwa kwa utaratibu wako. Muuzaji ametuambia ukitia tone la maji ndani ya glasi, harufu hufunguka vizuri zaidi. Tone hilo usilinunue popote. Fungua bomba la nyumbani kwako. Na sisi tusiokunywa pombe tumewekewa glasi za maji mezani, maji ambayo Mzee ameyanusa leo asubuhi, siku ambayo hakupaswa hata kuja kazini.

Nimebakiza jambo moja, na Mama atanisamehe kwa kulisema hadharani. Walipofika leo hapa ukumbini nilikuwa nyuma yao kwenye ngazi. Mzee alisimama ghafla kama jana koridoni, nami nikashtuka, nikadhani anakwenda kufunga maji tena. Akageuka. Akainamisha kichwa begani kwa mkewe, mbele ya wageni wote waliokuwa wanapanda, akakaa pale mpaka watu wakaanza kutupita pembeni.

Kisha akasema, "Mama, unanukia."

Mheshimiwa Meya, mabibi na mabwana, nawashukuru kwa masikio yenu na kwa uvumilivu wenu. Mzee, njoo uchukue chupa yako, na uje na Mama.